Tundu Lisilotajwa

Saa tisa kengele ya kumaliza usingizi wa mchana ililia, na jengo zima likaamka likinukia mvua.

Niseme mapema kabisa: mvua hakuna. Tangu mlima uteme majivu ni miaka thelathini na moja, na watoto wa Jengo la Mlimani hawajui tone la maji linaloanguka lenyewe kutoka juu. Lakini nenda korido ya chini muda ule, uwasikilize. "Umeotaje?" mmoja anauliza. "Nimeota mvua ya Tukuyu, jirani, nimelowa mpaka soksi." "Na mimi! Nilikuwa shambani kwenye chai, majani yananigusa hapa kiunoni." Habari ya umeamkaje waliiacha zamani. Wana salamu yao sasa, na ndoto yao ni moja, na ndani ya ndoto hiyo yumo mzee mwenye koti la kaki anayetembea mbele akiwaonyesha njia.

Wote wamemwona uso. Mimi, jamani, mimi niliyemfahamu kuliko wao, naishia kuona visigino vyake.

Ni baba mkwe wangu. Kwa sisi Wanyakyusa wa kufuata mila, na mama mkwe wangu Bibi Subilaga anazifuata hasa, mkwe wa kike haonani na baba mkwe. Ukisikia kikohozi chake unapisha. Huli naye, humtazami, huingii chumbani kwake. Na jina lake hulitamki, wala neno linalofanana na jina hilo. Sasa uone balaa langu: huyu mzee alizaliwa siku ya sikukuu ile ya mwezi wa Julai, wakampa jina la tarehe, na tarehe yenyewe ni namba. Iko kati ya sita na nane. Hata hapa ninapokusimulia, ulimi unakataa.

Miaka ishirini na miwili niliishi hivyo chini ya dari moja na mtu yule. Alifariki mwaka jana, sasa ananijia usingizini, na usingizini bado ninajifunika kanga na kugeukia pembeni. Mazoea gani haya!

Siku ile, kengele ilipokwisha, nilichukua kofia yangu ya kupimia nikaanza mzunguko. Mimi ni fundi hewa. Si fundi feni, tuelewane. Feni hata mpwa wako anaweza kuifunga. Jengo letu limezibwa kila ufa kwa ajili ya majivu na baridi, kwa hiyo pumzi ya watu themanini inaingia kwa njia moja na kutoka kwa njia moja, na mimi ndiye ninayehakikisha pande mbili zinalingana. Kila chumba kina tundu darini. Unalifunika kwa ile kofia, mshale unacheza, unasoma lita ngapi zinapita kwa sekunde, unalitajia Daftari kwa sauti. Daftari ni ile sauti ya ukutani inayotunza hesabu na kusukuma vilango vya matundu.

"Tundu la tano, lita kumi na tano."

"Nimeandika," lilisema Daftari.

"La sita, kumi na tano. Linalofuata, kama kawaida. La nane, kumi na nne."

"Nimeandika."

Bibi Subilaga alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kukunja penye kona, macho bado mazito kwa usingizi, anatabasamu peke yake. Nikapiga magoti kidogo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mkamwana. Leo alinipeleka mpaka mtoni. Viatu kavivua, suruali kaipandisha." Akacheka, mama wa miaka themanini, akajifunika mdomo. "Miguu yake ilivyo myembamba!"

"Mama, kiini cha mashine ya hewa kilitakiwa kuoshwa mwezi wa pili."

Tabasamu likaisha. "Ngoja kidogo."

"Huu ni mwezi wa kumi."

"Nimesema ngoja, Sekela. Maji yatamwondoa."

Nikangoja. Ningesema nini? Mume wangu yuko mifereji ya nje anafukua majivu, anarudi Jumamosi kwa Jumamosi, na mama huyu ndiye mwenzangu wa kila siku. Isitoshe, hata mimi nilikuwa sitaki.

*

Nilikuwa chini ya tundu la kumi na tisa Ikupa aliponijia mbio, pekupeku. Ni binti wa miaka ishirini na miwili, alihamia kwetu kutoka jengo la bondeni miezi mitatu iliyopita akiwa na mimba kubwa, akajifungulia hapa.

"Mama Fundi, Lugano haamki."

"Haamki vipi? Kengele si imelia zamani?"

"Nimemwita, nimempulizia, nimemfinya. Anacheka tu usingizini."

Lugano alikuwa na miezi miwili. Korido nzima ilikuwa inamsifu: mtoto mpole, hasumbui, analala tangu asubuhi mpaka jioni. Na mimi nilimsifu, Mungu anisamehe.

Nilimfuata mbio mpaka mlangoni, na pale mlangoni miguu yangu ikagoma. Nilikuwa sijawahi kuvuka kizingiti kile. Ndicho kilikuwa chumba cha Yule Mzee. Alikichagua mwenyewe kwa ajili ya namba yake, alikuwa na utani wake, na alipokufa kilikaa kitupu mpaka Ikupa alipopewa.

"Ingia basi!" Ikupa alinivuta mkono. "Unangoja nini?"

Nikaingia. Hewa ya mle ndani ilikuwa nzito, ya uvuguvugu, inanukia majani ya chai yaliyolowa, na papo hapo nikasikia kichwa changu kinaanza kulegea na kitanda kinaniita. Kwenye kitanda Lugano amelala chali. Anatabasamu kweli, lakini midomo imekuwa ya buluu.

Sikumbuki nilivyomnyakua. Nakumbuka korido, nakumbuka nimesimama chini ya tundu la kumi la koridoni lenye hewa nyingi, nimemwinua juu kabisa kwa mikono miwili, na Ikupa anamsugua mgongo akilia na kuita jina lake. Mtoto akashusha pumzi moja ndefu. Halafu nyingine. Halafu akatoa kilio chembamba, akanyamaza, akafungua macho akatutazama kama wageni.

"Kaa naye hapa hapa," nilimwambia Ikupa. "Usirudi ndani hata kuchukua nepi."

Lakini nilipochukua kofia yangu na kurudi kule, nikamwona ananifuata mpaka mlangoni na mtoto kifuani. Sikuwa na nguvu ya kumkaripia. Nikapanda kwenye stuli, nikalifunika tundu. Mshale haukutikisika. Nikachana kipande cha karatasi ya chooni nikakiweka penye tundu kwa vidole viwili. Kikaning'inia kimya.

"Mwe!" nilisema. "Hamna kitu kabisa."

Nikafungua skrubu za kifuniko. Kilango cha ndani kilikuwa kimefungwa kabisa. Pembeni mwa chuma chake kulikuwa na mikwaruzo ya bisibisi, mingi, mmoja juu ya mwingine, na upande wa ndani wa kifuniko mtu alikuwa amechora vijistari vya penseli. Vijistari vitano vitano, safu juu ya safu, mpaka nafasi ikaisha akaendelea ukingoni. Nilijua penseli ile. Yule Mzee alikuwa akiibandika nyuma ya sikio. Nimeiona mara nyingi kwa pembe ya jicho.

"Daftari," nikasema, "nipe historia ya tundu la chumba hiki."

"Taja namba ya tundu."

"Hiki chumba. Hapa nilipo."

"Taja namba ya tundu."

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Ikupa akanitazama kama mwendawazimu.

"La saba!" alipiga kelele. "Sema la saba, una nini?"

"Tundu la saba," lilisema Daftari kwa sauti yake ile ya upole. "Halijasomwa katika mizunguko kumi na sita. Tundu lisilosomwa hufungwa kila jioni ili hewa isipotee. Limekuwa likifunguliwa kwa mkono kila asubuhi, hadi tarehe tatu Novemba mwaka jana. Baada ya hapo halijafunguliwa."

Tarehe nne Novemba ndiyo tuliyomlilia.

Nikakaa juu ya stuli. Mizunguko kumi na sita ni miaka minne, tangu nilipokabidhiwa kazi. Miaka minne nimepita mlango huu nikisema "linalofuata, kama kawaida," na Daftari halijui kama kawaida ni nini. Lenyewe linaona nafasi tupu, linafunga. Na mzee wa watu kila asubuhi anapanda stuli na magoti yake mabovu, anakifungua kilango kwa bisibisi, anachora kijistari, anashuka. Miaka mitatu! Angemwambia mwanawe, mwanawe akaniambia. Angeweza hata kuuambia ukuta, maana ndivyo alivyonifundisha ufundi huu: anakaa upande wake wa mlango, mimi upande wangu, anasema, "Ukuta wewe, sikiliza, inayoingia na inayotoka lazima ziwe sawa," na mimi naandika. Hakusema. Alinifichia aibu yangu kila siku ya Mungu, na mimi nilikuwa najiona fundi.

Nililia pale pale, na Ikupa hakuelewa ninamlilia nani.

*

Chumba cha mashine kiko ghorofa ya juu kabisa, nami nilipanda ngazi nikipiga hesabu kichwani, maana hesabu inanituliza.

Mle ndani kuna feni mbili. Moja inavuta hewa safi ya nje kupitia chujio, nyingine inatoa ile tuliyokwisha kuipumua. Zinapishana ndani ya kiini, tabaka mia nne za utando mwembamba kama ganda la ndani la kitunguu. Inayotoka imebeba joto na unyevunyevu wetu. Inayoingia ni baridi na kavu. Joto linavuka utando, unyevu unavuka, hewa yenyewe haivuki. Wanapeana vitu bila kuonana, ndiyo maana jengo zima linaiita mashine ile Mkwe.

Sasa ondoa lita kumi na tano upande wa kuingia, mwaka mzima, na upande wa kutoka usiondoe kitu. Jengo linaanza kufyonza. Utando unavutwa upande mmoja, unalegea, unaachia penye pembe, na uchafu wa miezi ishirini usiooshwa unauzidishia uzito. Hewa chafu inapenya kurudi ndani. Wakwe wamekutana.

Na utando ule si plastiki. Yule Mzee aliuotesha mwenyewe kwenye sinia za jikoni, kutokana na kuvu wa magome ya miti ya mlimani, mwaka wa kwanza wa majivu. Ni kitu hai. Aliwahi kuuambia ukuta kwamba unyevu wa mtu aliyelala unabeba anachokiota, na utando unakinywa na kukiweka. Nikadhani anazeeka. Kumbe miaka thelathini utando umekunywa usingizi wake, na ulipolegea ukaanza kuwamwagia watu mvua ya ujana wake. Walivyokuwa wanazidi kuvuta ile hewa ndivyo walivyozidi kulala, na aliyelala kuliko wote alikuwa mtoto aliye chini ya tundu lililofungwa.

Kufungua kilango peke yake ni nusu ya dawa. Kiini lazima kioshwe, utando ukaze tena. Na kikioshwa, Yule Mzee anakwenda na maji.

Bibi Subilaga alikuwa amenitangulia. Ngazi zote zile! Ameweka kiti chake mbele ya mlango wa mashine, amekaa, mikono magotini.

"Umeingia chumbani kwake," alisema.

"Nimeingia, Mama. Kuna mtoto mle, nusura afe."

"Nimesikia. Mpe Ikupa chumba changu. Mimi nitalala kule."

"Kule hakuna hewa, Mama. Ukilala kule hutaamka."

"Nani kakuambia nataka kuamka?"

Hakuwa anatania. Nilichuchumaa mbele yake, nikamshika magoti. Nikamweleza kwamba si chumba kile tu, kwamba watoto wa korido ya chini wanaumwa vichwa kila jioni, kwamba leo ni Lugano na mwezi ujao ni mwingine. Alinisikiliza bila kupepesa macho.

"Basi nipe kesho," alisema. "Saa ile moja ya kesho mchana. Nimuage, halafu uoshe. Mtoto akae koridoni. Saa moja itamuua nani?"

Isingemuua mtu. Hilo ndilo lililonitesa. Ikupa angekaa chini ya tundu la kumi na mwanawe, na sisi wengine tungelala kwa mara ya mwisho, na mimi pengine ningeshusha ile kanga. Mara moja tu nimtazame uso mtu aliyenipa kazi, nimwambie asante, baba. Nilitaka. Mate yalinijaa mdomoni kwa kutaka. Na nikajijua vilevile kwamba nikishamwona kesho, keshokutwa nitakuwa mimi ndiye ninayesema ngoja kidogo.

"Mama," nikasema, "alijua. Tundu lake nililisahau miaka minne, na alilifungua kwa mkono kila asubuhi. Amechora vijistari. Hakumwambia mtu."

"Aliniambia mimi."

Nikainua uso.

"Nilimwambia mkaripie, mtume mwanetu Ambilikile amwambie. Akakataa. Akasema, atafedheheka, ataiacha kazi, na hakuna mwingine mwenye mkono kama wake. Mimi mzima bado, akasema, kupanda stuli ni mazoezi."

Nikaachia magoti yake. "Kwa hiyo alipokufa, ulijua tundu litabaki limefungwa."

"Chumba kilikuwa hakina mtu."

"Na Ikupa alipoingia?"

Alitazama mikono yake, akaigeuza, akatazama viganja. Feni zilikuwa zinavuma nyuma yake, ile ya kutoa ikivuma zaidi kidogo, na kwa mara ya kwanza nilisikia tofauti yake.

"Ndoto zilikuwa zimeanza," alisema mwishowe. "Alikuwa anakuja kila siku, Sekela. Kila siku."

Sikumgombeza. Ningemgombezaje, na mimi nilikuwa naondoka kwenye usingizi huo huo kila mchana nikitamani kengele isilie? Nilisimama, nikageukia ukutani penye Daftari. 

"Daftari. Tundu la saba. Fungua, lisifungwe tena. Lita kumi na tano."

"Tundu la saba limefunguliwa."

Nyuma yangu mama mkwe alivuta pumzi kwa nguvu. Nilipogeuka alikuwa amejifunika uso kwa upande wa kitenge. Sikuomba radhi. Nilizima feni, nikazunguka kiti chake, nikafungua mlango wa mashine. Kimya kikaingia jengo zima. Tulikuwa na nusu saa kabla watu hawajaanza kusikia uzito. Nikatenga beseni, nikajaza maji ya vuguvugu, yasiwe ya moto, na bila sabuni, maana sabuni inaua utando. Nikapeleka mikono kwenye kiini.

"Toa mikono."

Amesimama. Kitenge amekifunga kiunoni, mikono ya gauni ameipandisha mpaka juu ya viwiko.

"Mkamwana hamwoshi baba mkwe," alisema. "Ulishalitaja jina, yatosha. Sogea."

Nikasogea. Nilimsaidia kukitoa tu, kwa sababu ni kizito, kisha nikasimama upande wa mlangoni, nikajifunika kanga, nikamwelekeza kwa maneno: kizamishe kwa ubavu, Mama, usikisugue, kiinamishe kitoke maji, rudia. Alirudia mara tano. Alikuwa anazungumza naye kwa Kinyakyusa, sauti ya chini, maneno ya mke na mume ambayo si yangu kuyasema. Harufu ya mvua ikajaa chumba chote, mvua kubwa kabisa, ya udongo na chai na moshi wa jiko la kuni, nikadhani nikifunua uso nitakuta nimelowa. Sikufunua. Kisha ikapungua, ikawa harufu ya maji ya kawaida ndani ya beseni.

"Yamekuwa meupe," alisema.

*

Kesho yake asubuhi nilipima matundu yote ishirini na manne, chumba kwa chumba, kila moja kwa namba yake. Inayoingia lita mia tatu na sitini, inayotoka lita mia tatu na sitini. Utando umekaza, unalia ukiugusa kwa kucha.

Saa nane mchana watu wakalala. Niseme walijaribu. Lugano, mtoto mpole asiyesumbua, alianza kulia dakika ya tano na hakunyamaza mpaka kengele. Alilia kwa mapafu yote, analia, anavuta, analia tena, kilio kinapita kwenye matundu mpaka ghorofa ya juu. Hakuna aliyepata hata lepe. Na wale wawili watatu waliosinzia waliamka wakavu.

Wakaja. Korido ikajaa mpaka kwenye ngazi, watu wazima na watoto, na watoto ndio waliokuwa wanalia kweli, kwamba mvua imekwenda wapi. Mbele alikuwa mzee wa korido ya chini, mtu mstaarabu siku zote, macho mekundu.

"Nani ameosha Mkwe?" aliuliza. "Tuambieni. Nani kafanya hivi bila kutuuliza?"

Nilifungua mdomo. Kazi ni yangu, na kosa la miaka minne ni langu, na nilikwisha kupanga maneno tangu asubuhi. Mama mkwe akanishika mkono, kwa vidole vile vile vilivyokuwa kwenye beseni jana, akanirudisha nyuma yake.

"Aliyekuwemo mle ni mume wangu," alisema. "Nimemwosha mimi."

Walisimama pale wanamtazama, na nyuma ya mlango wa saba Lugano akaanza tena kulia, na katika umati wote ule hakuna aliyethubutu kumwambia Ikupa amnyamazishe.